Tangu huyu kijana aje luku haikai: sentensi ya tatu ambayo hakuna anayeisema

Kwenye nyumba niliyokuwa napanga huku Dar tulikuwa vyumba 5 mita moja, ile luku ya kuchangia ambayo kila aliyewahi kupanga uswahilini anaijua na karaha zake, kila chumba kinatoa elfu 10, inapatikana elfu 50, inanunuliwa, inakaa kama siku 20 hivi, maisha yanaenda. Mwezi wa kumi na mbili dada wa chumba cha nyuma akahama, akaingia kijana mmoja mpole sana, anashinda na laptop yake ndani, na kuanzia hapo elfu 50 ikawa inakaa siku 13. Kikao kikaitwa koridoni jumapili jioni.

Mama wa chumba cha mbele, ambaye ndo mwenyekiti wetu bila kuchaguliwa na mtu, akasema: "Jamani mimi sina ugomvi na mtu, ila tangu huyu kijana aje luku haikai, kwa hiyo aongeze mchango." Basi. Mzee wa chumba cha tatu akasema kweli kabisa. Tukaambiwa wanaokubali wanyooshe mikono na mimi nikanyoosha, sitaki kujifanya nilikuwa na busara siku hiyo, nilichokuwa nataka ni kikao kiishe nikaangalie mpira. Kijana akajibu "sawa mama" na mwezi uliofuata akatoa elfu 20.

Ile kauli ya mama ukiikagua vizuri ina vipande viwili vinavyosikika. Cha kwanza, kijana kaja na luku imeanza kuwahi kuisha, hiki ni kweli tupu, tarehe tunazo. Cha pili, kijana aongeze hela. Lakini hivi vipande viwili havishikani vyenyewe, kuna kitu cha tatu katikati kinachovishikisha, nacho ni kwamba jambo likianza kuharibika siku mtu aliyofika basi aliyefika ndo mharibifu. Hicho cha tatu hakuna aliyekitamka. Mama hakukisema, mzee hakukisema, mimi sikukisema, na wote tulikitumia. Mimi huwa nakiita sentensi ya tatu, wanaofundisha mantiki wanaita dhana iliyojificha, na makala hii ni ya hiyo sentensi, inakaa wapi, unaitoaje, na ikishatoka unaifanyaje.

Kwanza hilo neno "kujificha" linapotosha kidogo maana mtu akilisikia anadhani kuna mjanja kaificha. Wapo wajanja, sikatai, ila mara nyingi hakuna aliyeficha chochote. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliligusa hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwenye mafundisho yake ya namna ya kuhutubia watu, hoja ya aina hii akaiita enthimema, na mfano wake ni mwepesi kweli: ukitaka watu wajue mwanamichezo Dorieus kapata taji inatosha kusema kashinda Olimpiki, huna haja ya kuongeza kwamba mshindi wa Olimpiki anapewa taji, msikilizaji anajiwekea mwenyewe kwa sababu anajua. Umeona hapo? Anayeiweka sentensi ya tatu ni msikilizaji. Mama alileta mbili, ya tatu tuliileta sisi kutoka vyumbani kwetu. Na ndo maana ni ngumu kuiona, kitu ulichokileta wewe huwezi kukikagua kama mali ya mgeni. Watu wengi wanaotafuta dhana zilizojificha wanaitafuta kinywani kwa msemaji, wanamkazia macho yeye, kumbe wangejikagua wao wamekubali nini kimya kimya wakati anaongea.

Sasa unaitoaje. Njia ninayoiamini ni ya kizembe kabisa: angalia hitimisho, tafuta neno ambalo halikuwepo kwenye sababu. Neno jipya haliwezi kutoka hewani, kuna mtu kalipitisha.

Chukua hii ambayo inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila wiki: "Dawa hii ni ya asili, haijawekwa kemikali yoyote, kwa hiyo haina madhara, tumia bila wasiwasi." Kwenye sababu kuna maneno asili na kemikali. Kwenye hitimisho kuna neno madhara. Madhara yametoka wapi? Hayakutajwa huko nyuma. Yamepitishwa na sentensi ya tatu inayosema kitu cha asili hakidhuru. Ukishaiandika hivyo, nyeusi kwenye nyeupe, unaanza kuikodolea macho, maana kila mtu aliyekulia kwenye muhogo anajua sio kweli. Muhogo mchungu ni wa asili, umetoka shambani, haujapita kiwanda chochote, na una sumu ya sianidi ndani yake. Bibi zetu hawakuwa wanauloweka na kuuanika siku kadhaa kwa kupenda kazi. Mwaka 1981 huko Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ukame ulibana watu wakawa wanakula muhogo mchungu bila kuuandaa kwa muda unaotakiwa, ukaja mlipuko wa ugonjwa wa kupooza miguu, wagonjwa zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina limetoka Congo ambako unajulikana miaka mingi, na ukishakupata miguu hairudi kama zamani. Hakuna kemikali iliyotoka dukani hapo.

Angalia vizuri lakini, sijasema ile dawa ya kwenye grupu ina madhara. Sijui, huenda ni tangawizi tu. Nimesema sababu aliyoitoa haibebi hitimisho lake. Hivi ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya sana, ukimwonyesha mtu kwamba hoja yake ina tundu anadhani umemwambia ni mwongo, basi hapo mnaanza kugombana, kumbe hitimisho linaweza kuwa kweli kabisa na hoja yake ikawa bovu.

Ukishaipata sentensi ya tatu, au unayodhani ndo yenyewe, kuna jaribio lake. Igeuze. Sema kinyume chake halafu uone hoja inabaki imesimama au inakaa chini. "Kuna vitu vya asili vinavyodhuru." Haya, hoja ya dawa imekaa chini, kwa hiyo tulishika penyewe. Ila ukisema dhana yake ni kwamba muuzaji ni mtu mwaminifu, ukigeuza, muuzaji sio mwaminifu, hoja bado inapumua, maana hata tapeli anaweza kuuza kitu ambacho kweli hakina kemikali. Kwa hiyo uaminifu sio nguzo ya hoja hii, ni wasiwasi wako wa pembeni, halali kabisa lakini wa pembeni. Jaribio hili linaokoa muda mno kwa sababu mtu akianza kutafuta dhana anaziona hata zisizokuwepo.

Kuna kosa la upande wa pili pia, kumbebesha mwenzio dhana kubwa kuliko aliyoihitaji. Mtu anakwambia "usiku mvua imenyesha, vaa buti", we unamjia juu, kwa hiyo unataka kusema kila mvua ikinyesha njia zote za dunia zinakuwa tope? Hajasema hivyo wala hahitaji hivyo. Anahitaji kidogo tu, kwamba njia ya kwenu mvua ikinyesha huwa na tope. Hiyo ndo ya kumpa, ile ndogo kabisa inayotosha kushikisha maneno yake. Ukimpa kubwa utaibomoa kirahisi na utajiona mjuzi, ila umebomoa nyumba uliyoijenga mwenyewe.

Turudi koridoni. Neno jipya kwenye hitimisho la mama lilikuwa lipi? Aongeze. Na ili aongeze lazima iwe yeye ndo anamaliza umeme, na ili iwe yeye lazima kitu kilichobadilika mwezi wa kumi na mbili kiwe ni yeye peke yake. Igeuze: kuna kitu kingine kilibadilika mwezi wa kumi na mbili. Aisee. Mtu yeyote anayeishi Dar anajua kinachobadilika mwezi wa kumi na mbili. Joto! Lile joto la kulala umeloa, feni inawashwa saa 3 usiku inazimwa asubuhi, na watu wengi hawajawahi kukaa wakapiga hesabu ya feni. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 10 inakula wati-saa 600, yaani yuniti 0.6. Ndogo eh? Vyumba 5 ni yuniti 3 kwa usiku mmoja. Sasa elfu 50 ilikuwa inatupa kama yuniti 140, siku 20 ni yuniti 7 kwa siku, siku 13 ni kama 10.8. Tofauti yote tuliyokuwa tunamtafutia mchawi ilikuwa yuniti 3.8 kwa siku, na 3 kati ya hizo zinaweza kuwa feni zetu wenyewe, ya kwangu ikiwemo, ambayo ilikuwa inazunguka wakati nimenyoosha mkono.

Igeuze tena ile dhana utapata nyingine. Sisi tulikuwa tunahesabu hela, sio yuniti. Elfu 50 ya tarehe mosi sio sawa na elfu 50 ya katikati ya mwezi, maana tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye manunuzi ya luku, sio hela nyingi ila inaonyesha tu kwamba tulikuwa tunafananisha vitu viwili tukidhani ni kimoja. Na friji. Nyumba nzima ilikuwa na friji moja, la mama mwenyekiti, liko koridoni pale pale tulipofanyia kikao, mzee wa chumba cha tatu alikuwa ameliegemea.

Ukitaka kujua uwezo wa kijana kumaliza hizo yuniti 3.8 peke yake, laptop yake tuseme wati 60 kwa saa 8 ni yuniti 0.48, feni 0.6, taa na simu sio kitu, hafiki hata 1.5. Angehitaji jiko la umeme au hita ya kuchemshia maji ya kuoga, na mchana wote mlango wake uko wazi, hakuna aliyewahi kumuona na hita. Hesabu hii inachukua dakika 5. Hatukuifanya kwa sababu mtu hapigi hesabu ya kitu anachokijua tayari, na sisi tulikuwa "tunajua".

Kwenye luku hasara ni elfu 10 na kijana kununa. Mahakamani ni kitu kingine. Kuna kesi moja ya Uingereza nikiifikiria huwa nasikia baridi, ya Sally Clark. Alikuwa wakili. Mtoto wake wa kwanza alifariki ghafla Desemba 1996 akiwa na wiki 11, wa pili akafariki Januari 1998 akiwa na wiki 8. Akashtakiwa kuwaua wote wawili. Shahidi mmoja, Roy Meadow, daktari bingwa wa watoto mwenye jina kubwa na cheo cha Sir, akaiambia mahakama kwamba uwezekano wa watoto wawili kufa vifo vya ghafla visivyo na maelezo kwenye familia kama ile ni 1 katika milioni 73. Novemba 1999 wazee wa baraza wakamkuta na hatia, 10 kwa 2, akahukumiwa maisha.

Milioni 73 ilipatikanaje? Utafiti ulikuwa unaonyesha kwamba kwenye familia isiyo na mvuta sigara, yenye kipato, na mama amevuka umri wa miaka 26, kifo cha namna hiyo kinatokea mara 1 katika watoto 8,543. Wakachukua 8,543 wakazidisha kwa 8,543, ukipiga kwenye kalkuleta unapata 72,982,849. Hesabu ya kuzidisha iko sawa kabisa. Na hapo ndipo ilipolala sentensi ya tatu, maana huruhusiwi kuzidisha namna hiyo mpaka ukubali kwanza kwamba kifo cha mtoto wa kwanza hakina uhusiano wowote na cha pili, kama vile umetupa sarafu mara mbili. Fikiria mvua. Ukichukua mwaka mzima useme siku za mvua ni chache, halafu uzidishe ili ujue uwezekano wa mvua kunyesha leo na kesho, utapata kanamba kadogo utashangaa watu wanaloaje siku mbili mfululizo. Lakini mwezi wa nne, masika imeshika, mvua ikinyesha leo kesho nayo uwezekano ni mkubwa, kwa sababu siku hizo mbili ziko chini ya wingu moja. Na watoto wawili wa tumbo moja, baba mmoja, nyumba moja, damu moja, hawako chini ya wingu moja? Kama kuna kitu kwenye familia kilichomfanya wa kwanza awe hatarini basi na wa pili huenda anacho.

Hiyo ni moja. Chini yake kulikuwa na nyingine, mimi naona hiyo ndo mbaya zaidi. Hata tuseme milioni 73 ni namba sahihi. Unatokaje kwenye "jambo hili ni adimu sana" mpaka kwenye "kwa hiyo kaua"? Tafuta neno jipya: kaua. Limepitishwa na dhana kwamba maelezo ya kwanza yakiwa adimu basi maelezo ya pili hayana uadimu. Lakini mama kuua watoto wake wachanga wawili kwa nyakati tofauti nako ni adimu kupita kiasi. Watoto wawili walishafariki, hilo lilishatokea, kwa hiyo mambo mawili adimu yanatakiwa yapimwe moja dhidi ya jingine, sio kuliweka moja kwenye mizani peke yake halafu ushangae mbona jepesi. Oktoba 2001 chama cha wanatakwimu cha Uingereza, Royal Statistical Society, kikatoa tamko hadharani kwamba ile namba haikuwa na msingi wa kitakwimu. Clark alishakata rufaa mwaka 2000 ikagonga mwamba. Akaja kuachiwa Januari 2003 kwenye rufaa ya pili, baada ya kugundulika kwamba majibu ya maabara yaliyoonyesha bakteria kwenye mwili wa mtoto wa pili hayakuwahi kupewa upande wa utetezi. Alishakaa ndani zaidi ya miaka 3. Mwaka 2007 akafariki, familia yake ilisema hakuwahi kupona na yale yaliyomkuta.

Na pale mahakamani palikuwa na mawakili, jaji, madaktari, watu waliosoma. Namba ilitajwa na mtu mwenye cheo, ikasikika kisayansi, na sentensi ya tatu ikawekwa na wasikilizaji wenyewe bila kuombwa, kama sisi na luku.

Namba ni mahali pazuri sana pa sentensi ya tatu kulala kwa sababu tunaheshimu namba. Mahali pengine inapolala ni kwenye stori za waliofanikiwa. "Bill Gates aliacha chuo, kwa hiyo shule sio kila kitu." Ni kweli aliacha Harvard mwaka 1975. Ila ili stori imsaidie kijana wa Mbagala anayetaka kuacha kozi yake lazima ukubali kwamba kuacha ndo kulimfikisha, na kwamba walioacha wakaishia pabaya wamehesabiwa, na hao hawahesabiwi, nani anawaalika jukwaani? Halafu Gates alipoacha alikuwa ameshashika kompyuta tangu 1968 akiwa na miaka 13, shule aliyosoma ilikuwa na terminali ya kompyuta wakati vyuo vingi tu duniani havina. Alichokiacha na alichokuwa nacho mkononi wakati anaacha havifanani na vya kwako. Sitaendelea na hii, imeongelewa sana.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kwenye Kiswahili sentensi ya tatu mara nyingine inatamkwa, lakini inatamkwa ikiwa imevaa kanzu kiasi kwamba hakuna anayethubutu kuihoji. Naongelea methali. Watu wanamjadili kijana aliyeleta posa, mjomba anasema baba yake alikuwa mlevi tunamjua, halafu anamalizia taratibu, "mtoto wa nyoka ni nyoka". Kimya. Posa imekufa. Mjomba katoa sababu moja, baba mlevi, katoa hitimisho moja, kijana hafai, na katikati kaweka methali kama ndo dhana yenyewe, kwamba tabia inarithiwa lazima. Angeisema kwa maneno ya kawaida, "kila mtoto anakuwa kama baba yake", shangazi mmoja angesema mbona wewe mwenyewe hufanani na marehemu baba. Kwa methali hasemi. Au ile ya kumaliza watu kabisa, "lisemwalo lipo, na kama halipo laja". Hiyo kama hoja ni ya kutisha! Inasema uvumi ni ushahidi, na uvumi usipokuwa na ushahidi subiri utapata. Huwezi kushinda na kitu kama hicho. Ukitaka kuona kwamba methali ni dhana tu kama dhana nyingine mpe mtu "haraka haraka haina baraka" akikuambia usubiri, mjibu "ngoja ngoja huumiza matumbo". Zote za wahenga wale wale. Methali haikuambii lini itumike, anayeamua ni yule aliyeitoa mfukoni, na mara nyingi alishaamua kabla hajaitoa.

Kuna maneno madogo pia ambayo nikiyasikia siku hizi masikio yanasimama. "Ina maana" ni moja. Umeona tiki mbili za bluu, hajajibu, unaandika "ina maana unanidharau". Kati ya tiki na dharau pamepita dhana kama tatu hivi: kwamba aliyefungua ni yeye sio mtoto anayechezea simu yake, kwamba alikuwa na nafasi ya kujibu, kwamba mwenye nafasi asipojibu sababu ni dharau. "Si unajua" ni lingine, "si unajua watu wa kule walivyo", hapo unaombwa uilete sentensi ya tatu mwenyewe na uilipie nauli. "Kila mtu anajua." "Ndo maana." Sio kwamba kila anayesema hivyo anakosea, hapana, ni kwamba hapo ndipo pameunganishwa, kama unatafuta ulipovuja waya anzia kwenye maungio.

Na hapa lazima niseme kitu kwa wale ambao wakishajifunza hii habari wanakuwa hawakaliki. Huwezi kuzitoa dhana zote. Lewis Carroll, mwandishi Mwingereza aliyekuwa mwanahisabati pia, mwaka 1895 aliandika kisa kifupi cha kobe na Achilles, yule shujaa wa hadithi za Wagiriki. Kobe anapewa hoja iliyonyooka, sababu mbili na hitimisho, anasema sababu nazikubali, lakini nani kasema nikizikubali lazima nikubali hitimisho? Achilles anasema haya tuandike na hiyo kama sababu ya tatu. Kobe anasema naikubali, ila nani kasema nikizikubali tatu lazima nikubali hitimisho? Inaandikwa ya nne. Na ya tano. Daftari linaisha. Kobe wetu wa hadithi za huku ni mjanja lakini huyo wa Carroll ni msumbufu wa kimataifa. Kwa hiyo swali sio "kuna dhana hapa?", zipo kila mahali, hata ukisema "nipitishie chumvi" kuna dhana kwamba chumvi ipo. Swali ni hii dhana imebeba mzigo, na je ni ya kutiliwa shaka? Mbili hizo zikiwa pamoja ndo unafungua mdomo. Dhana iliyobeba mzigo lakini kila mtu ana sababu nzuri ya kuikubali, iache ilale.

Kufungua mdomo nako kuna namna yake, hasa ukiwa mdogo kwa umri kwenye kikao. Ukimwambia mama wa watu "hoja yako ina dhana iliyojificha" umekwisha, utaonekana umeleta dharau ya shule. Ukiuliza "samahani mama, kwani mwezi huu hakuna kingine kilichobadilika zaidi ya kijana?" umesema kitu kile kile kwa heshima, na yeye anapata nafasi ya kuiona sentensi ya tatu kwa macho yake bila kushushwa mbele za watu. Kiswahili kimebarikiwa hilo neno "kwani". Sikulitumia.

Kijana alihama mwezi wa tatu, hakugombana na mtu, alibeba laptop yake na godoro akaaga kila mlango. Chumba kikakaa wazi wiki 5. Luku ya elfu 50, sasa tukichangia watu 4, ikakaa siku 13, ikanunuliwa nyingine, siku 14. Usiku mmoja nikitoka chooni nikakumbuka kitu fundi friji mmoja aliniambiaga, nikafungua mlango wa lile friji la koridoni, nikabana noti ya buku kwenye mpira, nikafunga, nikavuta. Noti ikatoka kama imepakwa mafuta. Mpira ulikuwa umekauka umepasuka kona yote ya chini, ubaridi unamwagika koridoni usiku na mchana na mota haipumziki.

Asubuhi nikamwambia mama kwa adabu zote, nikamwonyesha na noti. Akaiangalia noti, akaliangalia friji, akakaa kimya kidogo. Halafu akasema: "Unajua, yule kijana na zile kompyuta zake, mimi nahisi alichezea mita kabla hajaondoka."